Mbwa wa Uani na Mapambo ya Sikukuu

Wadogo zangu, miembe imeanza kuangusha maembe barabarani, mvua zimeshika, na maduka ya Tabora mjini yamening'iniza nyuzi za kung'aa milangoni. Barua zenu nazo zimegeuka. Mlikuwa mkiniuliza habari za wachumba na mawifi, sasa mnaniuliza habari za mbwa. Nimefurahi kwa hilo, maana kila baada ya sikukuu kuna mbwa wanaokufa mitaani kwetu, na watu husema tu, "Wezi wamemlisha sumu." Wapo waliolishwa sumu kweli. Wengine wamekula sikukuu yenyewe.

Nianze na mdogo wangu wa Ipuli. Anasema wamepata mtoto wa mbwa wa miezi minne, mume wake amenunua mti wa plastiki na taa za kumetameta, na mama mkwe anakuja kula Krismasi kwao kwa mara ya kwanza. Mbwa mwenyewe anatafuna kila kitu: kandambili, ncha ya mkeka, mpini wa jembe. Swali lake: "Dada, niache kupamba, au mbwa nimrudishe alikotoka?"

Mdogo wangu, mbwa abaki na mti usimame. Miezi minne ndiyo umri wa kung'oka meno ya utotoni. Ufizi unamsumbua, na kutafuna ndiyo nafuu yake, na ataendelea hivyo mpaka miezi sita au saba. Usimchape, kwa sababu kipigo kitamfundisha kutafuna ukiwa humwoni, na hapo ndipo hatari ilipo. Nenda buchani uombe mfupa mbichi wa goti la ng'ombe, mkubwa kuliko mdomo wake, umpe autafune mbele yako, kisha uuondoe ukishapungua kiasi cha kuweza kumezwa. Mti uweke juu ya meza, na shina lake lifunge kwa waya kwenye nondo za dirisha ili hata akiruka usimwangukie. Matawi ya chini yaache matupu. Mama mkwe ataangalia nyota iliyo juu.

Sasa nikuambie jambo ambalo ushauri mwingi wa namna hii hauligusi, kwa sababu umeandikwa kwa nyumba ambazo mbwa analala kwenye kochi. Mbwa wetu akishakua ni wa uani. Mchana amefungwa au yumo bandani, usiku anafunguliwa alinde. Sebuleni haingii, na mti wa Krismasi anaujua kwa harufu ya dirishani tu. Kwa hiyo wakati mapambo yanapopendeza, mbwa hayamdhuru. Yanamdhuru yakishakuwa taka.

Fikiria siku ilivyo. Wageni wameondoka usiku, kila mtu amechoka. Dada wa kazi anafagia sebule, naye amesimama tangu alfajiri, maskini. Ufagio unakusanya pamoja riboni za zawadi, maputo yaliyopasuka, nyuzi za kung'aa zilizodondoka mtini, vijiti vya mishikaki, mifupa ya kuku na sahani za karatasi zenye mchuzi. Vyote vinaingia ndoo moja, na ndoo inamwagwa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko. Mbwa hajala tangu asubuhi, maana siku ya wageni ndiyo siku ambayo kila mmoja anadhani mwenzake amempa chakula. Anafunguliwa. Riboni iliyolowa mchuzi wa mbuzi kwake ni nyama, na ataimeza yote kwa pupa, kwa kuwa mbwa mwenye njaa hatafuni.

Ndiyo maana ninawaomba, kuliko kitu kingine chochote nitakachosema leo, muanzie kwenye ndoo. Tengeni vyombo viwili tangu asubuhi: kimoja cha mabaki ya chakula, kingine cha karatasi, kamba, riboni na plastiki, na kisitiwe hata tone la mchuzi. Mfuko wa mapambo ufungwe fundo, utundikwe msumarini au uwekwe kwenye pipa lenye mfuniko mpaka uchukuliwe. Shimo la taka lifunikwe kwa bati na bati liwekewe mawe mazito. Na kabla mbwa hajafunguliwa usiku, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina awe amempa ugali wake ashibe. Mkisema "tutampa", hakuna atakayempa.

Mtauliza kwa nini nakazana na uzi na riboni, vitu vyepesi hivyo, wakati mbwa wetu humeza vipande vya ngozi na bado wanabweka asubuhi. Kitu kifupi na cha duara mara nyingine hupita chenyewe. Kitu kirefu na chembamba huwa kinanasa. Ncha moja hujizungusha chini ya ulimi au hubaki tumboni, ncha nyingine huingia kwenye utumbo. Utumbo nao una kazi yake ya kusukuma, unausukuma uzi usiokwenda, na mwishowe wenyewe ndio unaojikunja juu ya uzi, kama kamba ya kaptula inavyokusanya kitambaa kiunoni. Kila unapojikaza, uzi unaukata. Utumbo ukitoboka, uchafu unamwagika ndani ya tumbo, na kutoka hapo kumwokoa mbwa ni kazi kubwa mno.

Dalili zake zijueni. Anatapika mara kwa mara, hata maji. Anakataa chakula. Tumbo linakuwa gumu na hataki uliguse, au anasimama amekunja mgongo, au amenyoosha miguu ya mbele chini na makalio ameyainua kama anayejinyoosha, ila hainuki. Haendi haja, au anatoa kidogo chenye damu. Analala pembeni wakati geti linagongwa. Mbwa mlinzi asiyeinuka kwa hodi ni mgonjwa, msimwite mvivu.

Ukimfungua mdomo ukaona uzi chini ya ulimi, au ukauona unaning'inia nyuma, usiuvute. Narudia, wadogo zangu: usiuvute, hata kama unaonekana kutoka kirahisi. Hujui ncha nyingine imeshikilia wapi, na kuvuta ndiko kunakopasua. Usimpe chakula, muweke mahali tulivu, mpigie bwana mifugo na umweleze alichomeza, lini, na kirefu kiasi gani. Kama kuna kipande kingine cha aina ileile, kibebe uende nacho.

Njia hii yetu ya misafara, ile ya zamani kutoka pwani hadi Ujiji, ina kumbukumbu ya mbwa aliyekufa kwa tumbo. Mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokuwa akija Unyanyembe, huku kwetu Tabora, kutoka Bagamoyo kumtafuta mmisionari Livingstone, alikuwa na mbwa mlinzi aliyeitwa Omar, aliyempenda sana. Omar alipita mito na tope lote la pwani, akafika Chunyo, jirani na Mpwapwa, wakiwa mlangoni kabisa mwa Ugogo, nchi ya Wagogo. Hapo akafa kwa kuvimba utumbo. Stanley alisikitika akaandika kwamba Ugogo ndiko hasa alikokuwa akihitaji macho ya mbwa wake. Mwenye mbwa alifika Kwihara mwezi Juni, hapa hapa nje kidogo ya mji wetu, bila mlinzi wake. Namkumbuka Omar kila mtu anaponiambia "ni tumbo tu, litapoa". Utumbo ulimuua mbwa aliyeshinda nyika.

Leo Mpwapwa hiyohiyo ina chuo cha mifugo na kituo cha utafiti wa mifugo, na ng'ombe wa Mpwapwa wanajulikana nchi nzima. Tuna wataalamu ambao msafara wa 1871 haukuwa nao. Lakini tusidanganyane: kumpasua mbwa utumbo, kutoa riboni na kumshona tena si jambo linalofanyika kila mji. Chuo Kikuu cha Sokoine, kinachofundisha madaktari wa mifugo wetu, kiko Morogoro, na kutoka Tabora ni zaidi ya kilomita 600 kwa reli. Mbwa mwenye utumbo uliojikunja hana muda wa kungoja treni. Kwa hiyo kufunga fundo kwenye mfuko wa taka ni matibabu, na ni matibabu mnayoyaweza wote.

Na namba ya bwana mifugo wa kata yako itafute sasa, kabla ya tarehe 20 Desemba, uiandike ukutani. Muulize pia atakuwepo siku ya sikukuu au atakuwa kwao kijijini, na kama hayupo, nani anashika nafasi yake. Naye ni mtu, ana Krismasi yake.

Twende kwenye mti wenyewe. Mkoa wetu unalima pamba, Igunga na Nzega mnaijua, na kila Desemba tunaichambua tukaitandaza juu ya mti iwe theluji. Inapendeza, sikatai. Mtoto wa mbwa akiipata huitafuna kama manyoya ya kuku, na pamba ikilowa mate na kumezwa hujifunga donge tumboni. Itandazeni juu tu, tena kidogo. Yale mapambo ya unga uliokandwa kwa chumvi na kukaushwa, ambayo watoto hutengeneza shuleni na kuyaleta nyumbani kwa furaha, yatundikwe juu kabisa. Yana chumvi nyingi kuliko inavyoonekana. Mbwa akila kadhaa anaweza kutapika, kuyumba, kutetemeka na kupata degedege. Mtoto asinyimwe sifa zake. Mwambie pambo lake ni zuri ndiyo maana linakaa karibu na nyota.

Nyumba za Wakatoliki, nazo ni nyingi katika mji huu ambao Mapadre Weupe waliufikia mwaka 1878, hujenga pango la Krismasi kwa nyasi na karatasi za mifuko ya saruji. Likijengwa barazani, mbwa hulala humo usiku, kwa kuwa nyasi kavu ndani ya baraza wakati wa mvua ni kitanda bora kuliko banda lake linalovuja. Msimfukuze kwa mawe. Tatizo halina ukubwa mpaka mtu aweke mshumaa. Nyasi, karatasi, mkia wa mbwa na mshumaa haviwezi kuwa pamoja. Wekeni kitaa kidogo cha betri, na banda la mbwa lizibwe lisivuje ili asitafute pa kulala kwa Mtoto Yesu.

Umeme sasa, na hapa naomba akina baba wasome, maana ndio wanaovuta nyaya. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Waya wa taa za mti ni mwembamba, na jino la mtoto wa mbwa linaifikia shaba yake mara moja. Siku hizi taa zinavutwa mpaka kwenye uzio na kwenye mwembe, nje kabisa, ambako mbwa anatembea usiku kucha na mvua inanyesha. Taa za ndani hazikutengenezwa kwa mvua. Ekstensheni iliyolala chini kwenye matope ni hatari kwa mbwa, na kwa mtoto anayekimbilia embe ni hatari vilevile. Waya upite juu, kimo ambacho mbwa akisimama kwa miguu ya nyuma hakifikii. Kinachoungwa kiungwe ndani. Mkienda kulala, chomoeni.

Ukimkuta mbwa amenaswa, moyo utakutuma umshike. Jizuie. Zima swichi ya ukutani au swichi kuu kwanza. Kama huwezi kuifikia, sukuma waya kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Halafu akiachiwa, hata akiinuka na kutikisa mkia, usiseme yamekwisha. Mdomo unaweza kuwa umeungua ndani, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Mwangalie usiku huo na siku inayofuata: akipumua kwa shida, akikohoa, akishindwa kulala chini, apelekwe haraka.

Kadi zinazoimba ukizifungua, vinyago vya kuwaka, mishumaa ya plastiki, vyote hivyo vina betri ndogo za duara mfano wa kifungo cha shati. Kadi ikishaacha kuimba hutupwa, na mbwa huichana. Betri hiyo ikikwama kooni huunguza nyama kwa muda mfupi sana, hata chini ya saa mbili. Mbwa aliyemeza betri asitapishwe, kwa sababu itaunguza tena ikipanda. Hapo ni kwa mtaalamu tu. Na kwa kuwa watoto wadogo nao huzimeza, zikusanyeni zote kwenye chupa yenye kifuniko.

Nimeulizwa na kaka mmoja wa Cheyo kuhusu mimea. Kanisani na nyumbani tunapamba kwa matawi. Matawi ya minazi na mitende hayana neno. Lakini mtapo, ule mmea wenye shina nene na majani magumu yanayochoma, ambao watu huupanda mbele ya nyumba na kukata majani yake kwa mapambo, ni sumu kali kwa mbwa, na mbegu zake ndizo mbaya zaidi. Huharibu ini. Mbwa hutapika siku ya kwanza, anaonekana kupata nafuu, kisha anageuka manjano machoni. Mwolianda wa maua ya waridi, unaopandwa kuwa uzio, nao husimamisha moyo. Kaka yangu, usikate uzio kwa ajili ya barua yangu. Usilete tu vipande vyake ndani, na ukipogoa usiache matawi chini.

Niongee sasa habari ya chakula, ingawa mmeniuliza mapambo. Kwa mbwa, sikukuu yote ni kitu kimoja, na pambo hunukia pilau.

Krismasi ya mwaka 1871 Stanley na Livingstone waliila Ujiji, mwisho wa njia hii yetu. Sokoni walinunua kondoo mnene, mbuzi, samaki, mayai, maziwa, ndizi, vitunguu, viazi vitamu na pombe. Mpishi Ferajji akaiharibu nyama ya kuchoma, na krimu ya mayai ikaungua, karamu ikaharibika. Siku mbili baadaye, tarehe 27, wakaondoka Ujiji kurudi Kwihara. Miaka zaidi ya 150 imepita na orodha ya soko la sikukuu haijabadilika sana, na kinachoungua bado humwagwa uani. Humo humo ndimo mna vitunguu, na vitunguu, viwe maji au saumu, vibichi au vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kijiko kimoja cha mchuzi hakitamuua mbwa mkubwa. Ukoko wa sufuria nzima ya pilau, wenye vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia, ni kitu kingine.

Pilau ya nyumba nyingine huwa na zabibu kavu. Zabibu za Dodoma tunazipenda wote, nami pia, lakini mbwa asipewe hata moja, mbichi wala kavu. Zinaweza kuzima figo, na hakuna kipimo cha kuaminika: mbwa mmoja atakula konzi asidhurike, mwingine atakula chache na figo zikome. Chokoleti huongeza mapigo ya moyo mpaka akatetemeka, na ile nyeusi yenye uchungu ndiyo mbaya kuliko ya maziwa. Baadhi ya bigijii zisizo na sukari zina utamu unaoitwa zailitoli, unaoshusha sukari ya mbwa ghafla mpaka akaanguka. Donge la unga wenye hamira, lile la maandazi mliloliacha liumuke, likimezwa linaendelea kuumuka tumboni. Na wanzuki, pombe ya asali yetu ya Tabora, wadogo zangu, msimpe mbwa kwa ajili ya kucheka. Wapo vijana wanaofanya hivyo na kumchukua video. Mnamtia sumu.

Mifupa ya kuku najua mtabishana nami. Mtasema babu alimpa mbwa wake mifupa ya kuku miaka yote. Ni kweli, na mbwa wengi wanapita salama. Mfupa uliopikwa hukauka na kuvunjika vipande vyenye ncha, na siku ya sikukuu haupewi mmoja, unamwagiwa wa kuku watano kwa mpigo. Wingi huo ndio unaokwama. Mpe ugali uliochanganywa na dagaa waliooshwa chumvi, au nyama iliyotolewa mfupa kabla haijaungwa. Atakuwa na sikukuu njema kabisa.

Na kokwa la embe! Hili ni la kwetu hasa, maana njia za misafara ziliacha miembe kila mahali na Desemba yote uwanja umejaa makokwa. Mbwa hulamba utamu, kisha humeza. Mbwa mkubwa hulimeza bila shida, likafika kwenye utumbo mwembamba na kuuziba kabisa, kwa dalili zilezile nilizozitaja za uzi. Wapeni watoto ndoo ya makokwa. Anayejaza ndoo kwanza achague embe linalofuata.

Mbwa akishameza kitu kibaya, kuna dawa za nyumbani nazisikia sana: maziwa, mafuta ya kula, maji ya chumvi ya kumtapisha. Maziwa hayaondoi sumu. Mafuta yakimiminwa mdomoni kwa nguvu huingia kwenye mapafu. Chumvi yenyewe ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza. Muda mnaoutumia kushika taya za mbwa na kumimina ndio mlikuwa mnahitaji kwa bodaboda ya kumpeleka kwa mtaalamu.

Dada mmoja wa Gongoni amenitumia ujumbe wa upole. Yeye ni Mwislamu, wana mbwa wa ulinzi kwa sababu ya duka la mume wake, na wakati wa Idd hutundika taa na maputo barazani. Anauliza kama haya yanamhusu. Yanakuhusu yote, dada yangu, hata zaidi, kwa kuwa mbwa wako anakaa mbali na nyumba na hakuna anayemtazama kwa karibu kila siku. Maputo yakishapasuka yaokotwe yote, pamoja na kamba zake, kwani mpira wa puto humezwa kirahisi. Kwa kuwa wageni wako watakuwa na kanzu safi na wengine wamechukua udhu, mfunge mbwa upande wa pili tangu kabla ya swala ya Idd, kivulini, mnyororo uwe mrefu wa kumtosha kujigeuza, maji yawe karibu. Mtu mmoja apewe kazi ya kumtembelea mara mbili kabla ya Alasiri. Mbwa aliyefungwa juani siku nzima bila maji, huku nyumba imejaa kelele, atauma.

Na akiuma mgeni, hata kama ni mkwaruzo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya mbwa wako ifanyike kabla wageni hawajaja. Siku yenyewe hutapata mtu wa kumchanja.

Fataki sitaziongelea kwa urefu. Usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya mbwa asifunguliwe mpaka kelele ziishe, na asifungwe kwa mnyororo peke yake pia, kwa sababu mbwa aliyetaharuki hujinyonga kwenye uzio akijaribu kuruka. Mwingizeni bandani au stoo, mfunge mlango, muwekee gunia analolijua. Usiku huo lindeni wenyewe, ni saa chache.

Limebaki swali la mdogo wangu mwingine, wa Urambo: mapambo yabanduliwe lini? Wengi wenu mnangoja Epifania, tarehe 6 Januari, na ni desturi nzuri. Mimi ningekuomba ubandue mchana, siku ambayo hujapika nyama, mbwa akiwa amefungwa na ameshiba. Nyuzi za kung'aa zihesabu kadiri ulivyozinunua, uzizungushe kwenye kipande cha boksi, uziweke darini kwa mwakani. Ukiona moja imepungua, pita uani utazame kinyesi cha mbwa kwa siku tatu nne, na umchunguze anavyokula. Kama amekula vizuri na ametoka haja kama kawaida, mfungue usiku alinde. Kama sivyo, ile namba iko ukutani.